Wao Waliandika Mazungumzo, Sisi Tuliandika Nauli

Katika kabati la ofisi ya msikiti wetu limo daftari la jalada gumu ambalo sisi, kwa amana ya ukatibu tuliyokabidhiwa, tumekuwa tukilijaza kwa miaka saba. Ukifungua ukurasa wa safari ya Mafia utakuta kila kitu kimekaa mahali pake: nauli ya basi hadi Nyamisati, nauli ya boti hadi Kilindoni, chakula cha watu wawili, mashua ya kuvukia Chole, vitabu vilivyopelekwa madrasa, salio lililorejeshwa kwa mweka hazina pamoja na saini yake. Hesabu ile haina upungufu wa shilingi moja. Iliposomwa mbele ya kamati, wajumbe walituombea dua.

Wa pili katika watu wale wawili alikuwa maalim wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, mzee aliyepindukia miaka sabini, ambaye kwa muda mrefu wa uhai wake alisomesha Kiingereza shuleni asubuhi na Qur'ani msikitini jioni. Miezi mitano baada ya safari ile aliitikia mwito wa Mola wake. Kijana wake wa mwisho, anayefanya kazi Muscat, hakuwahi maziko. Alipowasili alikuja moja kwa moja ofisini, akaketi kwenye kiti alichozoea kuketi baba yake, akasema: “Kaka, wewe ulikaa na baba siku nne, ninyi wawili tu. Mimi sikukaa naye siku nne tangu nilipoondoka. Alisema nini?”

Tukamfungulia daftari. Hatukuwa na kingine cha kumfungulia. Alisoma nauli ya basi, akasoma nauli ya boti, akalifunga taratibu na kutushukuru.

Usiku ule ndipo tulipokumbuka kwamba tuna deni jingine kwa marehemu. Wiki moja kabla ya safari, maalim alitukabidhi kitabu chakavu cha Kiingereza alichokinunua zamani kwa wauza vitabu wa barabarani Dar es Salaam, akasema: “Katibu, kisome hiki kwanza, ndipo tusafiri.” Tulikipokea kwa mikono miwili, tukakiweka juu ya friji, na juu ya friji kikabaki. Kiingereza chake ni cha karne ya 18, herufi zake ni ndogo, na kazi za kamati haziishi. Hizo zilikuwa nyudhuru zetu. Tulikishusha tukiwa tumechelewa, tukakisoma kwa wiki sita, baada ya Isha, kamusi ikiwa pembeni.

Kitabu hicho ni shajara ya James Boswell, wakili wa mji wa Edinburgh, aliyezunguka Scotland na visiwa vya Hebrides mwaka 1773 akifuatana na rafiki yake Samuel Johnson. Johnson ndiye aliyetunga kamusi mashuhuri ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1755. Alikuwa mtu wa umbo kubwa, mwenye macho dhaifu, mpenzi wa chai kupita kiasi, na mwenye ulimi ambao watu wa London waliuogopa na kuutafuta kwa wakati mmoja. Walijuana mwaka 1763 katika duka la vitabu. Safari ilipoanza Boswell alikuwa na miaka 32 na Johnson 63. Akatimiza 64 wakiwa kisiwani Skye, wala hakupenda kukumbushwa. Umri wao ulitushtua, kwa kuwa pengo lililokuwapo kati yetu na maalim lilikaribiana sana na hilo.

Waliondoka Edinburgh tarehe 18 Agosti, wakarudi tarehe 9 Novemba, siku 83 kamili. Kabla ya kuondoka, Johnson alifikia nyumbani kwa Boswell, na wenye nyumba watavutiwa kusikia kwamba alikuwa na mazoea ya kuinamisha mishumaa kichwa chini ili iwake vizuri, nta ikidondokea zulia la mke wa mwenyeji wake. Bibi yule alimkirimu kwa adabu zote, lakini hakumpenda, na mumewe hakulificha hilo. Hadi Inverness walikwenda kwa gari la farasi. Kutoka hapo barabara za magari zilikoma, wakapanda farasi, kisha mashua. Johnson hakujua Kigaeli, lugha ya wenyeji.

Wanafunzi wa vyuo vyetu hufundishwa kwamba neno *safari* lina asili moja na neno la Kiarabu lenye maana ya kufunua, kwa sababu safari huifunua tabia ya mtu. Na imesimuliwa kwamba Sayyidna Umar, Mwenyezi Mungu amridhie, alipojiwa na mtu aliyemtolea mwenzake ushahidi wa wema, alimuuliza kama amekuwa jirani yake, kama amefanya naye muamala wa fedha, na kama amesafiri naye. Alipojibu hapana kwa yote, alimwambia kuwa hamjui. Tulikuwa tumeyasoma hayo, tukayafanyia mtihani na kufaulu. Lakini hatukupata kuyaona yakitembea kwa miguu kama tulivyoyaona katika kurasa za Boswell.

Chukua jioni ya tarehe 1 Septemba, njiani kuelekea Glenelg, pwani inayotazamana na Skye. Siku imekuwa ndefu, mlima umewachosha, giza linaingia. Boswell, kwa nia njema kabisa, anachapuza farasi wake atangulie kwenye nyumba ya wageni aone kama pana chakula na vitanda. Johnson anamwita kwa ukali arudi. Anakasirika hasira ambayo mwenzake hajapata kuiona, anasema maneno mazito, na jioni yote inaharibika. Boswell analala na dukuduku. Asubuhi, mzee anakiri kwamba hasira yake ilipita kiasi, lakini anaongeza kuwa kama angeachwa kule njiani, angerudi naye hadi Edinburgh, waagane hapo, na asingemsemesha tena maisha yake yote.

Tulipofika hapo tulikifunga kitabu. Siku ya kwanza ya safari yetu, boti ilipotia nanga Kilindoni, sisi tulikimbilia kutafuta malazi kabla hayajajaa, tukamwacha maalim gatini na mizigo miwili, akizungukwa na wapagazi na vijana wa pikipiki. Tulirudi baada ya nusu saa tukiwa na furaha ya mtu aliyepata chumba cha bei nafuu. Maalim hakusema neno. Hakusema neno wakati wa kula, wala tulipokwenda kuswali, wala tuliporudi. Baada ya Alfajiri ndipo alipotugeukia na kusema: “Jana nilikukasirikia, mwanangu. Mzee akiachwa peke yake penye watu wengi huwa anaona kama ameshasahauliwa. Nisamehe.” Sisi tukajibu haraka kwamba hapana neno, tukamuuliza kama atakunywa chai ya maziwa au ya rangi.

Kama tungekuwa tumekisoma kitabu, tungeelewa ni kwa nini alituambia tukisome *kabla*.

Si kila ukurasa wa Boswell ni wa kumsifu mtu. Yeye mwenyewe hakujisitiri. Wakiwa katika nyumba iitwayo Corrichatachin, kisiwani Skye, alikesha akinywa pombe na wenyeji hadi alfajiri, akaamka mchana kichwa kikimgonga na nafsi ikimsuta, akihofia uso wa Johnson. Akakiokota kitabu cha sala cha bibi mwenye nyumba, akakifungua bila kuchagua, na macho yake yakaangukia maneno yanayokataza kulewa. Aliandika yote hayo. Msomaji Mwislamu hahitaji kufafanuliwa hukumu ya kinywaji; kilichotugusa ni kwamba mtu huyu, aliyejua kuwa rafiki yake anaisoma shajara yake karibu kila siku, hakuung'oa ukurasa ule.

Naam, Johnson aliisoma. Hilo ndilo jambo la ajabu zaidi katika kisa chote. Daftari mojawapo alilotumia Boswell alipewa na Johnson mwenyewe. Mzee alikuwa akilichukua, akisoma kilichoandikwa kumhusu, akijaza mapengo pale mwandishi aliposahau neno lililosemwa, akisahihisha palipokosewa, na akatamani daftari lingekuwa kubwa zaidi. Wanazuoni wetu wa hadithi wanaijua njia hii kwa jina la *'ardh*: mwanafunzi humsomea shekhe wake kile alichokipokea kwake, naye shekhe huthibitisha au husahihisha. Wakili huyu wa Edinburgh hakuwahi kusikia elimu hiyo, lakini aliifanya, farasi wake akiwa amefungwa nje ya nyumba ya nyasi.

Na walipita katika nchi yenye majeraha. Mwaka 1746 majeshi ya mfalme wa Uingereza yaliwashinda wapiganaji wa milimani huko Culloden, kisha ikapitishwa sheria ya kuwanyang'anya silaha na hata kuwakataza mavazi yao ya asili. Machifu waliokuwa baba wa kabila waligeuka kuwa wenye mashamba wanaodai kodi, na watu wakawa wanapanda meli kwenda Amerika. Boswell anaeleza ngoma aliyoiona Skye, jina lake Amerika: jozi moja ya wachezaji huanza kuzunguka, ikaivuta ya pili, ya pili ikaivuta ya tatu, hata mwishowe ukumbi mzima umo katika mzunguko. Ndivyo hamu ya kuhama ilivyoambukizana. Tulipokisoma kifungu hicho tulimfikiria yule kijana wa Muscat, na vijana wengine wa mtaa wetu ambao majina yao yamo katika daftari la madrasa lakini wao hawapo.

Huko Skye walilala kwa Flora MacDonald. Bibi huyu, alipokuwa binti wa miaka 24, alimvusha kwa mashua mwana wa mfalme aliyeshindwa vitani, akimvika nguo za kike na kumpitisha kama mtumishi wake. Serikali ilikuwa imetangaza zawadi ya pauni 30,000 kwa atakayemtoa. Maskini wengi walijua alipo, hakuna aliyemuuza. Johnson, ambaye mara nyingi aliwakejeli Waskoti kwa ufukara wao, alilala katika kitanda kile kile alicholalia mkimbizi yule, na katika nyumba hiyo kejeli zake zilipungua. Bibi Flora naye alihamia North Carolina mwaka uliofuata.

Baharini ndiko kurasa zilikotufurahisha zaidi. Tarehe 3 Oktoba walitweka tanga kutoka Skye kwenda Mull, upepo ukabadilika, dhoruba ikawachukua usiku hadi kisiwa cha Coll. Johnson alikuwa chini ya sitaha, mgonjwa, kisha ametulia, mbwa wa kuwindia akimpa joto mgongoni. Boswell alikuwa juu, anatetemeka, anawauliza mabaharia afanye nini. Kijana mmoja, mrithi wa kisiwa hicho, akamtia mkononi kamba iliyofungwa kileleni mwa mlingoti, akamwambia aishike imara hadi atakapoambiwa avute. Boswell aliishika kwa uaminifu usiku ule, mvua ikimchapa. Baadaye ndipo alipotambua kwamba kamba ile haikuwa na kazi yoyote. Alipewa ili asiwapinge njiani wanaofanya kazi, na ili woga wake upate shughuli. Walikwama Coll karibu siku kumi. Kijana yule mwenye busara alizama mwaka uliofuata katika maji ya visiwa hivyo hivyo, na wote wawili walimlilia katika vitabu vyao.

Tuseme ukweli: tuliposoma habari ya kamba ile tulilitazama daftari letu la nauli.

Johnson naye aliandika kitabu chake kuhusu safari hiyo, kilichotoka mwaka 1775, na ni kitabu cha mtu mwenye akili pana: anapima magofu, anauliza habari za kodi, shule, mazao na sheria. Alikuwa na fimbo kubwa ya mwaloni iliyopigiliwa misumari ya kupimia, mmoja alama ya futi, mwingine ya yadi. Ilipotea Mull. Boswell alimhakikishia kwamba haikuibwa, lakini mzee hakukubali, akimtaka mwenzake afikirie thamani ya kipande cha mbao kama kile katika kisiwa kisicho na miti. Yupo anayekipenda kitabu cha Johnson zaidi. Sisi tunaona kwamba Johnson alikwenda kuitazama nchi na Boswell alikwenda kumtazama Johnson, na nchi ile imebadilika sana tangu wakati huo, lakini mzee yule bado anadai fimbo yake.

Kuna jambo moja ambalo hatukubaliani na Johnson. Aliwauliza wazee wa visiwani habari za zamani, huyu akasema hivi na yule vile, akahitimisha kwamba lugha isiyoandikwa haiwezi kuhifadhi kitu, na kwamba Kigaeli hakikuwa na maandiko ya zamani. Hili la pili alikosea. Maandiko yalikuwapo, mengine ya mwanzoni mwa karne ya 16. Na la kwanza, sisi tuliolelewa miongoni mwa mahafidhi hatuwezi kulimeza. Tumewaona watoto wa miaka kumi na miwili wamebeba vifuani kitabu kizima bila kukosea irabu.

Lakini tulipolitafakari zaidi tuliona kwamba hoja yetu inatuhukumu sisi wenyewe. Hifadhi ya kifua katika mila yetu haikuachwa kwa bahati. Ina kurudia kila siku, ina kumsomea mwalimu, ina mlolongo wa majina: fulani kutoka kwa fulani. Kisicho na utaratibu huo hupotea kama kingine chochote. Hata Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, safari zake ziliandikwa na Ibn Juzayy huko Fez, kazi iliyokamilika mwaka 1355. Kwa zaidi ya miaka ishirini Kilwa ilikaa katika kumbukumbu ya mtu mmoja, na kilichofika kwetu ni kurasa chache zenye ukarimu wa sultani. Tunashukuru kwa hizo chache. Mazungumzo ya maalim hayakuwa na Ibn Juzayy.

Sasa tueleze tulichopoteza hasa, maana si vichekesho vya njiani.

Siku ya tatu, sisi na maalim tulikuwa Chole tukisubiri maji yajae ili mashua ituvushe. Popo wakubwa walikuwa wananing'inia mitini kama nguo zilizoanikwa. Maalim aliketi juu ya jiwe, akauliza kama tunajua yeye aliisoma Qur'ani kwa nani. Kisha akaanza kutaja: mwalimu wake, na mwalimu wa mwalimu wake, na aliyemsomesha huyo, majina manne au matano, na kila jina na mji wake, na jinsi kila mmoja alivyopatikana na mwenzake. Alizungumza kwa muda mrefu. Sisi tulikuwa tumeshika simu, tukibishana na mweka hazina kwa ujumbe kama mwenye mashua asiyejua kuandika anaweza kutoa stakabadhi.

Mlolongo ule ndio alioujia mwanawe. Hakusema, lakini tulijua baadaye. Yeye naye amehifadhi, amesomea Qur'ani kwa baba yake, na sasa anawasomesha watoto wake ughaibuni. Alitaka kujua yeye ni wa ngapi.

Tulinunua daftari jipya, si la kamati. Kila usiku tuliandika tulichokikumbuka. Matokeo yalikuwa duni mno: kurasa kumi na moja kwa siku nne. Tuliandika hasira ya Kilindoni na msamaha wa Alfajiri. Tulisita kuviandika, kwa kuwa tumefundishwa kuwasitiri maiti wetu, na kalamu inayomfunua mtu huteleza upesi ikawa usengenyaji. Boswell mwenyewe aliteleza: chifu mmoja aliyemsema kwa ubahili alimwandikia barua kali, na toleo lililofuata likapunguzwa makali. Lakini alijua pia mahali pa kusimama. Johnson na baba yake Boswell, jaji mkali, walipogombana vibaya nyumbani kwa jaji huyo kuhusu siasa na dini, mwandishi alikataa kuwaanika wazee wawili anaowaheshimu kama wapiganaji wa mchezo. Nasi tumefuata kipimo hicho. Hasira ya maalim tumeiandika kwa sababu iliishia kwenye *nisamehe* iliyotoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Jambo jingine alilotuambia kuhusu ndugu yake, njiani kutoka magofu ya Kua, limebaki huko Kua.

Eda ya mjane ilipokwisha, tulikwenda nyumbani kwake pamoja na mama watoto, tukiwa na zile kurasa. Tulimsomea. Alisikiliza akiwa anachambua mchele kwenye ungo, hakuinua kichwa, ila mara tatu alitusimamisha. Pa kwanza: maalim hakunywa chai ya rangi kule Kilindoni, kwa sababu chai ya rangi ilimsumbua tumbo, kwa hiyo ama tumesahau ama alikunywa ili asituletee gharama. Pa pili: mzaha tuliouweka kinywani mwake si wake, ni wa kaka yake. Pa tatu ndipo tuliposoma kwamba alitaja walimu wake, na majina hatukuyashika.

Akaweka ungo chini. “Wa kwanza namjua,” akasema. “Ndiye aliyetufungisha ndoa.” Akamtaja, na mji wake. Tukaandika. Tukamuuliza wa pili. Akafikiri, akasema wa pili anadhani alikuwa Mngazija, lakini jina hana hakika nalo na hataki kutuandikisha uongo kwa marehemu. Kisha akasema, kama anayejisemea mwenyewe, kwamba yuko mzee mmoja Kilwa Kivinje waliyesoma pamoja chuo kimoja, na kwamba habari za mwisho alizozipata ni kuwa haoni vizuri lakini akili yake nzima.

“Una haraka gani?” akauliza alipotuona tumesimama.

Tumemwandikia kijana wa Muscat jina la kwanza. Amejibu kwa mstari mmoja wa dua, na ameuliza mzee wa Kivinje ana umri gani. Basi la Kilwa linaondoka alfajiri ya Jumamosi. Ruhusa ya kamati tumeipata, nauli hatukuiomba.